Joto la bomba au joto la mashine? Nusura tugombane

Wiki hii naomba mnivumilie, maana naleta jambo ambalo mtu wa Dar akilisikia atadhani mwenzenu nimechanganyikiwa: namna ya kutia joto ndani ya nyumba. Najua. Nyie huko mnalala feni inazunguka mpaka alfajiri na bado shuka limelowa jasho, halafu mimi nawaletea habari za watu wanaolinunua joto kwa pesa. Lakini huku Denmark hilo ndilo swali lililonifanya mimi na mama watoto tusisemeshane siku mbili nzima. Chumvi mezani tulikuwa tunaagizana kupitia watoto.

Kisa chenyewe ni nyumba. Baada ya miaka 19 ya kuwapa wenye nyumba hela yangu kila tarehe mosi, tumepata kiwanja ukingoni mwa mji mmoja mdogo wa Jutland magharibi, si mbali sana na Esbjerg. Benki imekubali mkopo wa miaka 30. Nyumba yenyewe ni ya kawaida tu, mita za mraba 140, haina ghorofa wala mbwembwe. Vigae tulikubaliana, madirisha tulikubaliana, hata rangi ya jikoni tulikubaliana, na mliooa mnajua hiyo si kazi ndogo. Tukafika kwenye karatasi moja ya mkandarasi yenye visanduku viwili. Cha kwanza kimeandikwa fjernvarme, cha pili pampu ya joto. Weka alama kimoja. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Ngoja kwanza niwaeleze, maana mimi mwenyewe nilikaa nchi hii miaka mingi bila kujua joto langu linatoka wapi. Ukipanga fleti unakuta tu chuma kiko ukutani kina moto, unaanika soksi juu yake, basi.

Fjernvarme maana yake ni "joto la mbali". Mahali fulani mjini kuna mtambo unaochemsha maji. Maji hayo yanasukumwa kwenye mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara, yamevishwa povu nene kama godoro ili joto lisitoroke. Bomba moja linaingia kwako na maji ya nyuzi 70 hivi, linapita kwenye mtambo mdogo ukutani unaolingana na kabati la vyombo, linaacha joto lake humo, halafu bomba la pili linayarudisha maji yaliyopoa kule yalikotoka yakachemshwe upya. Hayo maji huyanywi wala huyaogi, yanazunguka tu kama damu mwilini. Karibu theluthi mbili ya nyumba za nchi hii zinapata joto kwa njia hiyo. Na kinachochemsha hakiwaumizi kichwa: wako wanaochoma takataka, na hilo si jipya, pale Frederiksberg tanuri la takataka lilianza kupeleka joto hospitalini mwaka 1903. Wako wanaochoma vipande vya miti. Odense wanavuna hata joto la jumba la kompyuta la hao wenye Facebook. Copenhagen ndiyo usiseme, mtambo wao wa kuchoma taka umewekewa mteremko juu ya paa, watu wanapanda kule kuteleza kwa ski hata wakati wa kiangazi. Huku chini takataka zinaungua, kule juu watu wanastarehe.

Pampu ya joto nayo, fundi friji yeyote wa Kariakoo atakueleza kuliko mimi. Weka mkono nyuma ya friji lako. Unasikia joto? Hilo joto limetolewa ndani kwenye samaki na bia, likatupwa nje. Sasa geuza mambo: ifanye dunia yote iwe ndani ya friji, na sebule yako iwe nyuma ya friji. Ndiyo pampu ya joto hiyo. Ni kiyoyozi kilichogeuzwa mgongo. Gesi iliyomo inapoozwa mpaka inakuwa baridi kuliko hewa ya nje, kwa hiyo hata hewa ya nyuzi sifuri inaipa joto kidogo. Kompresa inaibana, na kitu kikibanwa kinapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyokuunguza kidole ukijaza upepo. Kwa uniti moja ya umeme unapata uniti tatu za joto, pengine zaidi kidogo ukichukua mwaka mzima. Nilipoelewa hilo nikasema huu sasa ni uchawi halali, mashine hii ndiyo yangu.

Mama watoto akasema bomba.

Mimi nikamwambia mke wangu, sikiliza, wewe umezaliwa huku, hujui bomba linavyoweza kumfanya mtu. Mtaa niliopanga Dar maji yalikuwa yanakuja mara moja kwa wiki, tena saa nane usiku, mtu unalala sikio moja liko kwenye ndoo. Umeme nao ulikuwa wa mgao, leo kwenu kesho kwetu. Mtu aliyekulia kwenye hali hiyo hajengi nyumba ya mkopo wa miaka 30 halafu akatundika maisha ya wanawe kwenye bomba la watu wengine. Kama ni mashine, naiona uani, naijua sauti yake, ikiharibika nampigia fundi wangu. Chako ni chako.

Na kuna jambo la pili nililomficha siku ile. Hilo bomba la mji wetu ni la ushirika. Kila anayeunganishwa anakuwa mwenye mali, anapiga kura. Sasa neno ushirika kwangu mimi lina historia. Marehemu baba yangu alikuwa na kahawa Machame. Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, mzee alibaki na stakabadhi za mazao yake kwenye kopo la mafuta, na kopo lile tulilikuta juu ya kabati siku tulipomzika. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, lakini imani ya mzee haikurudi. Mtoto aliyeliona lile kopo, umwambie joto la wanawe ni la ushirika, atakuelewa kweli?

Mama watoto naye ana yake. Baba yake alikuwa akisimulia ile Jumapili ya mwaka 1973 barabara kuu zilipobaki tupu, watoto wakaendesha baiskeli katikati, kwa sababu Waarabu walikuwa wamebana mafuta na serikali ikapiga marufuku magari Jumapili. Wazee wa Dar nao wanazikumbuka Jumapili zetu za alasiri bila magari. Wakati ule zaidi ya asilimia 90 ya nishati ya nchi hii ilikuwa mafuta ya kutoka nje. Kila nyumba na tanki lake, kila mtu na chake, na wote wakatetemeka pamoja. Mwaka 1979 ikatungwa sheria ya joto, kila manispaa ikaambiwa ipange mtaa upi bomba, mtaa upi gesi. Kwa hiyo yeye akisikia "chako ni chako" anaona tanki tupu. Mimi nikisikia "bomba la wote" naona ndoo tupu. Mkikaa hivyo mezani, hakuna atakayemshawishi mwenzake.

Zamani hata ubishi usingekuwepo. Manispaa ilikuwa na uwezo wa kukulazimisha uunganishwe. Tangu Januari 2019 hawawezi tena kuweka amri mpya ya namna hiyo, kwa hiyo sisi wa viwanja vipya tumeachiwa uhuru wetu. Uhuru nao una gharama zake, kwa mfano kununiana.

Siku ya tatu tukakaa na kikokotoo. Nawapa hesabu yetu kama ilivyo, krona moja ichukulie kama shilingi 400 hivi.

Mashine ya kuvuta hewa ya nje, ikiwekwa tayari, tulitajiwa kroner 115,000. Hapo kaa chini kwanza, ni kama milioni 45 za kwetu. Fundi akasema tutegemee miaka 16, kwa hiyo kila mwaka ni kama kroner 7,200 za kuijutia. Nyumba mpya za huku zimefungwa kama chupa ya chai, ukuta una pamba nene, dirisha lina vioo vitatu. Ya kwetu walikadiria itataka uniti 8,000 za joto kwa mwaka pamoja na maji ya kuoga. Mashine ingetumia umeme wa uniti 2,600 kulipata hilo joto, kroner 5,700 hivi. Ukaguzi wa kila mwaka 1,800. Jumla 14,700.

Bomba: kuunganishwa kroner 45,000, ambazo ukizigawa kwa miaka 30 ya mkopo ni 1,500. Ule mtambo wa ukutani 25,000, unakaa miaka 25, weka 1,000. Joto lenyewe 6,800. Halafu kuna kitu kinaitwa malipo ya kudumu, kroner 5,200 kila mwaka, uwashe usiwashe, uwepo usiwepo. Hicho ndicho kidonda cha nyumba mpya: unajenga nyumba isiyotaka joto, halafu unalipa kwa kuwa mteja tu. Jumla 14,500.

Tukatazamana. Siku mbili za kununiana kwa kroner 200, na mji wetu kroner 200 ni pizza mbili bila soda.

Basi nikaona heri nikaione mashine kwa macho. Mjomba wa mke wangu anayo, kijiji cha pili. Yeye alitoroka bomba. Kijiji chao ni kimoja kati ya vile vilivyojengewa vimitambo vya gesi miaka ya 1990: nyumba chache, deni kubwa, na gesi ilipopanda mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bili yake ikawa kama amelipia joto la kijiji kizima. Akalipa ya kujitoa, akanunua mashine. Mzee ameridhika kabisa. Anayo kwenye simu, anakuonyesha leo imekula uniti ngapi kama mtu anayeonyesha picha za mjukuu. Bei ya umeme huku inabadilika kutwa nzima, kwa hiyo usiku upepo ukivuma na umeme ukishuka, yeye anachemsha maji ya kuoga. Nikasema mjomba, wewe ndiye mtu wangu.

Tukatoka nje na vikombe vya kahawa. Ilikuwa Februari, nyuzi moja juu ya sifuri, ule ukungu wa baharini unaopenya mpaka kwenye kitovu. Mashine ilikuwa imeota barafu mgongoni kama friji la zamani la kugandisha. Akasema huo ndio ubaya wa hali hii, baridi kali kavu ina nafuu, ila hewa ya maji maji inayocheza kwenye sifuri inaganda kwenye mapezi, na mashine inabidi ijigeuze kidogo ijiyeyushe kwa joto ililokuwa imekuletea ndani. Tukasimama tukaisikiliza. Si kelele ya kumfukuza mtu, ni mngurumo wa friji kubwa. Lakini kiwanja chetu ni chembamba, dirisha la chumba cha jirani liko palepale, na huku usiku kipimo kwenye mpaka wa jirani ni desibeli 35, ambazo ni kama watu wawili wananong'ona. Jirani yetu mtarajiwa ni mzee aliyekwisha kutuuliza kama watoto wanapiga ngoma.

Ile mashine nyingine ya kufukia mabomba ardhini haina kelele, lakini inataka bustani kubwa na pesa kubwa. Hatuna.

Nikajaribu karata yangu ya mwisho. Nikamwambia fundi wa bomba, sawa, lakini hilo lenu likikatika Januari? Akacheka. Akaniuliza, na umeme ukikatika, mashine yako itakwenda kwa maombi? Nikadhani nimemnasa, nikasema ndiyo maana basi nichukue bomba. Akasema na bomba pia, maana maji ya joto ya chini ya sakafu yanasukumwa na kipampu cha umeme. Ukikatika umeme, wote mnavaa makoti. Nikafikiri: kwa miaka 19 umeme umenikatikia mara tatu, na moja ni mimi mwenyewe niliyetoboa ukuta. Hofu yangu nilikuwa nimeisafirisha kutoka Dar na mizigo, sikuwahi kuifungua nikaikagua.

Ila la ushirika lilikuwa bado. Mama watoto akaniambia mwezi Machi wana mkutano mkuu, tuombe twende tukasikilize. Nikaenda nikiwa nimenuna.

Wasomaji, nisikieni. Ukumbi wa shule, watu kama 40, wengi wenye mvi. Kahawa, mikate, siagi, bia chache kwenye kreti. Mwenyekiti kavaa sweta. Anasoma mahesabu: vipande vya miti vimegharimu hiki, umeme hiki, mishahara hii, deni la tanuri limebaki hili. Tena ikaja habari iliyonifanya nimkanyage mke wangu mguu: mtambo wao una pampu ya joto! Kubwa, ukubwa wa kontena, inavuta joto kutoka hewani siku umeme ukiwa bei ya chini, na tanuri la miti linapumzika. Esbjerg ndiyo wana baba lao, inavuta joto kutoka kwenye maji ya bahari na imechukua kazi ya kituo cha makaa ya mawe kilichofungwa mwaka 2024. Kumbe siku zote tunagombana bomba au mashine, mashine iko ndani ya bomba. Ya kwetu ingenguruma chini ya dirisha la jirani, ya kwao inanguruma nje ya mji, ina fundi wa zamu, na ikichoka tunachanga watu wote, sichomoi 115,000 peke yangu.

Halafu babu mmoja akanyanyuka. Ameshika kitabu cha mahesabu, kidole kiko ukurasa wa saba. Anasema hapa naona kroner 12,000 za kukata majani kuzunguka mtambo, mwaka jana zilikuwa 9,000, majani yameota kwa kasi gani? Ukumbi ukacheka, lakini yule babu hakucheka, na mwenyekiti hakucheka. Akaeleza, mkandarasi mpya, eneo limeongezeka, risiti zipo hizi. Babu akazichukua, akavaa miwani, akazisoma moja moja watu wakimsubiri, akasema haya, endelea. Kisha wakafika kwenye ziada. Kwa sheria za huku, ushirika wa joto hauruhusiwi kutengeneza faida. Kilichobaki lazima kirudi kwa wateja kwenye bei ya mwaka unaofuata. Kilichokuwa kimebaki si haba. Bei ikashushwa kidogo, mikono ikanyooshwa, mkate ukazungushwa tena.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuhama pale ukumbini kimawazo. Nilikuwa Machame, kwenye mkutano wa mfongo. Wa uchagani wananielewa: mifereji yetu ya kuleta maji kutoka mlimani, iliyochimbwa na mababu, kila ukoo una zamu yake ya kumwagilia na zamu ya kuusafisha. Asiyetokea kuusafisha anatozwa mbege. Baba yangu huyohuyo aliyekuwa haamini ushirika wa kahawa alikuwa anaamka saa kumi kwenda kwenye mfongo na jembe begani, hajakosa hata mara moja, kwa sababu maji yakipungua unapanda juu na miguu yako na unamwona aliyeziba. Kahawa yake ilikuwa ikienda mahali asipoweza kupafikia kwa miguu. Yule babu wa majani alikuwa anapanda mfereji kwenda juu kutazama.

Usiku ule ule nikaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza. Mama watoto hakusema kitu, na namshukuru, maana wangekuwa wanawake wengine ningelisikia mpaka Pasaka.

Sijawa mlokole wa bomba lakini. Kijiji cha mjomba kinanitosha kunikumbusha kwamba mtaa wenye nyumba chache na deni kubwa ni mtego, na ningejenga kule ningechukua mashine mchana kweupe bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo kabla ya kutia saini niliomba kuona deni la ushirika, idadi ya nyumba, na masharti ya kujitoa. Walinipa bila kuzungushana. Pia tumeweka mabomba ya sakafuni ya kutosha yanayopasha nyumba kwa maji ya nyuzi 35 tu, na fundi ameacha njia tupu ya plastiki kutoka ukutani hadi uani. Siku wakizingua, pampu inaingia palepale bila kuvunja sakafu. Mke wangu anaiita "njia ya kutorokea ya Mtanzania".

Na kuna adabu nyingine sikuijua: maji unayorudisha lazima yawe yamepoa sawasawa. Ukiyarudisha yana moto, maana yake hukutumia joto ulilopewa, umelitembeza tu, na bili inakuja na adhabu yake.

Nikampigia simu mama nyumbani kumweleza. Julai Machame, mnajua, ukungu mpaka saa tano, naye yuko jikoni kwenye figa tatu na koti la marehemu. Nikamweleza bomba, maji ya moto, kurudisha yakiwa baridi, mkutano, mikate. Akanisikiliza kimya, moshi unamkohoza. Akauliza swali moja tu: "Na zamu yenu ya kusafisha ni lini?"

Nikamwambia mama, wanachimba wiki ijayo, zamu nitakuja kukwambia.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.